Aliyeachiliwa kwa masharti abishe mlango gani?

Mhariri,

Kaka yangu alishtakiwa kwa mauaji, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba alitenda lile tendo akiwa hana akili timamu. Hapa Kenya mtu wa namna hiyo, chini ya kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, huzuiliwa kwa ridhaa ya Rais, yaani bila muda maalum, hadi Rais aamue. Msimamizi wa hospitali au gereza huandika ripoti baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, nayo hupitia kwa waziri. Rais akiridhika, mtu anaweza kuachiliwa kwa masharti.

Yeye aliachiliwa. Akae kijijini chini ya uangalizi wa mama, asikose kliniki, asihame. Tulishukuru, tukachinja mbuzi.

Mama alifariki mwaka juzi. Sharti halikuzikwa naye. Dada yetu wa Nakuru yuko tayari kumchukua, na huko sindano yake ya kila mwezi hupatikana, tofauti na zahanati yetu ambayo leo ina dawa, kesho haina. Tukamwendea chifu, akasema hana uwezo huo. Masjala ya korti wakatuambia faili ilifungwa zamani. Barua yetu wizarani iligongwa muhuri wa kupokelewa, na hapo ndipo ilipoishia. Kwa hiyo mtu mzima analala peke yake katika nyumba ya marehemu, akiogopa kuvunja amri inayomtaka aishi na marehemu.

Kifungu hicho kimepanga ripoti za aliye ndani. Aliyetoka hakupangiwa tarehe yoyote ya kuangaliwa upya wala hakuonyeshwa pa kupeleka ombi.

Linganisha na John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan wa Marekani mwaka 1981 na kuonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Sijui kama kuna mgonjwa aliyeogopwa zaidi yake. Hata hivyo masharti yake yalikuwa mikononi mwa mahakama, na kila badiliko lilisikizwa: mawakili wake waliomba, madaktari wakatoa ushahidi, waendesha mashtaka wakapinga au wakakubali, jaji akaandika sababu zake. Mwaka 2016 aliruhusiwa kuishi na mama yake katika mji wa Williamsburg. Mwaka 2018 akaruhusiwa kuhama kwa mama huyo, asivuke maili 75 kutoka mjini. Mwaka 2020 akaruhusiwa kuonyesha kazi zake za sanaa kwa jina lake mwenyewe. Juni 2022 masharti yote yakaondolewa. Ilichukua miaka mingi, na ni sawa ichukue, mradi kila hatua ina siku yake kortini.

Kwetu, Mahakama Kuu kule Meru ilisema mwaka 2016 kwamba kifungu hiki kinakiuka Katiba, kwa kuwa muda wa kumzuilia mtu ni kazi ya mahakama. Tangu hapo majaji wameenda njia tofauti: mmoja anatoa kifungo cha miaka kadhaa, mwingine anaagiza matibabu na ripoti zirudi mbele yake. Bahati ya mgonjwa inategemea faili yake imeangukia meza ipi.

Naliomba Bunge liandike wazi kwamba aliyeachiliwa, jamaa yake, daktari wake au hata upande wa mashtaka anaweza kurudi katika mahakama iliyomsikiza na kuomba masharti yalegezwe, yakazwe au yaondolewe. Familia ya aliyeuawa ijulishwe na isikizwe. Wao pia wana hofu yao, na sisi tunaokutana nao sokoni tunaijua. Na mlezi akifa, hakimu wa karibu awe na uwezo wa kumtaja mwingine kwa muda, kabla matanga hayajaanuliwa.

Sindano ijayo ni Jumanne. Atapanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri kwenda Nakuru, adungwe, na arudi kabla ya giza.

Ndugu wa mgonjwa,
Jina limehifadhiwa