Ndege ya rimoti ya kwanza: iliyo tayari au ya kuunga mwenyewe?

Kila mzigo mpya ukifika dukani, swali ni lile lile: nichukue iliyo tayari, au boksi la vipande nikaunge mwenyewe? Kwa anayeanza, jibu letu ni moja. Chukua iliyo tayari, ya povu gumu, yenye bawa juu ya kiwiliwili na ncha zilizoinuka kidogo. Umbo hilo hujirudisha sawa lenyewe ukiachia usukani.

Si kwamba kuunga ni kugumu. Vijana wetu wanaotengeneza tiara na vingalawa vya kuchezea hawashindwi na vijiti vya balsa, ule mti mwepesi wa kuundia ndege hizi. Tatizo ni kwamba ndege ya kwanza itaanguka tu. Ikienda mbali nawe, mkono hauna taabu. Ikigeuka kukukabili, kushoto kwako ndiyo kulia kwake, na mgeni huvuta upande siyo mpaka ndege ikaishia kwenye mnazi. Povu likivunjika unatia gundi, jioni unarusha tena. Balsa uliyoipiga msasa na kuivisha plastiki kwa pasi usiku baada ya usiku, bawa likikatika, wengi huipandisha juu ya kabati na uwanjani hawarudi.

Balsa ina adui mwingine hapa visiwani, nao ni unyevu. Vipande vikiachwa ovyo wakati wa masika hupinda, na bawa lililopinda huivuta ndege upande hata usukani ukiwa katikati. Unga juu ya ubao ulionyooka, bana kwa pini mpaka gundi ikauke kabisa.

Lakini aliyeunga ya kwake anajua kila waya unapopita. Vipuri vingi huvuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, na wateja wetu wa Pemba husubiri zaidi, kwa hiyo anayeweza kujitengenezea hurusha siku nyingi kuliko anayengoja fundi. Ndiyo maana tunapenda mteja arushe ya povu huku akiunga ya balsa taratibu nyumbani.

Hata iliyo tayari usiirushe kabla ya kuipima mizani. Weka betri, kisha inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa. Bawa likiwa na upana wa sentimita 20 kutoka mbele hadi nyuma, ndege nyingi za kujifunzia hutulia vidole vikiwa sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukizama, sogeza betri mbele. Ndege yenye mkia mzito haishikiki, hata kwa mzoefu.

Vile vidogo vya bei rahisi vyenye mota mbili na mkia usiocheza, sisi tunaviita midoli. Hugeuka kwa kuzidisha mota moja tu, na kusi ikivuma vinakwenda nayo. Rusha asubuhi mapema, upepo wa bahari haujaamka.

Betri ya lithiamu usiihifadhi ikiwa imejaa wala usiiache ndani ya gari juani, volti 3.8 kwa kila seli ndiyo ya kuwekea. Kaa mbali na uwanja wa ndege wa Kisauni, na kuhusu kibali waulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla hujarusha. Dukani aina zote mbili ziko mezani, njoo uzishike.