Risiti ya kipuri itaje namba yake na mtengenezaji wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo moja kuhusu biashara ya vipuri vya magari hapa Dar es Salaam, ambalo naamini linaweza kurekebishwa bila kutunga sheria mpya: muuzaji aandike kwenye risiti namba ya kipuri alichouza pamoja na jina la kiwanda kilichokitengeneza. Ombi hili limenijia baada ya kununua pampu ya maji, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, mara tatu, kwa gari lile lile, ndani ya mwaka mmoja.

Gari lenyewe ni Toyota Vitz ya toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, na injini yake ni 2NZ-FE ya lita 1.3. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiongeza maji kidogo kidogo kwenye tangi la akiba, ingawa sikuona hata tone moja mahali ninapoliegesha. Baadaye ikaanza sauti ya kusaga upande wa mkanda, hasa asubuhi injini ikiwa bado ya baridi. Fundi alipomulika kwa tochi akanionyesha alama nyekundu iliyokauka kama chaki chini ya pampu. Alama hiyo hutokana na tundu dogo ambalo watengenezaji huliacha makusudi kwenye mwili wa pampu, ili sili (kizibo) inayotenganisha maji na beringi ikianza kuchoka, maji yatokee nje na kuonekana badala ya kuingia kwenye beringi na kuosha grisi yake. Tundu hilo si la kuzibwa kwa silikoni, kama alivyonishauri jirani yangu mmoja kwa nia njema kabisa; ukiliziba, pampu itaendelea kufa, ila sasa itakufa bila wewe kujua.

Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, nikasema ninataka pampu ya Vitz. Nilipewa pampu ya Vitz. Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikiri, kwa sababu Vitz za miaka ile zinazofanana kwa sura zilitoka na injini zisizo na undugu wowote: yenye herufi na namba SCP10 kwenye kadi ya gari ina injini ya 1SZ-FE ya lita moja, na yenye NCP10 ina 2NZ-FE kama yangu, na pampu ya hii haifungi kwenye ile. Kijana wa dukani hakuniuliza namba ya chesisi, nami sikuitaja. Tuligundua wakati fundi ameshamwaga maji yote na kufungua pampu ya zamani, gari likiwa halisogei, nami nikarudi Kariakoo kwa daladala nikiwa na boksi kwapani. Duka halikurudisha fedha. Lilikubali kubadilisha, na nikaongeza kiasi.

Pampu ya pili ilifunga vizuri. Boksi lake lilikuwa na jina la kiwanda cha Kijapani kinachoheshimika, na niliambiwa, "Mzee wangu, hii ni orijino, utaisahau." Ilidumu miezi mitano. Nikiwa njiani kwenda Tanga, nimeshapita Mkata na sijafika Segera, taa nyekundu ya joto ikawaka. Vitz yangu haina mshale wa joto kwenye dashibodi, kwa hiyo taa ikishawaka hakuna nafasi ya kuvuta hadi kituo kinachofuata. Nilizima injini pale pale kando ya barabara. Maji yalikuwa yamejaa. Mkanda ulikuwepo na ulikuwa umekaza. Hakuna mahali palipovuja. Fundi wa Segera, aliyekuja kwa bodaboda akiwa na spana zake kwenye mfuko wa salfeti, ndiye aliyefungua na kuona kwamba mapanga ya ndani, yale yanayosukuma maji, yameachia kwenye ekseli yake. Puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda, kwa nje ilikuwa ikizunguka kama kawaida, na ndani maji yalikuwa yamesimama.

Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu hitilafu ya namna hiyo haitokani na dereva. Mapanga hushindiliwa kwenye ekseli kiwandani kwa kipimo kidogo sana cha tofauti, na kiwanda kisichojali kipimo hicho hutoa pampu ambayo kwa macho haina tofauti na nyingine. Bahati yangu ni kwamba nilizima mapema. Injini hii ina bloku ya alumini, na angalau gasketi ya silinda hedi ingekuwa imekwenda kama ningejikaza kilomita kumi zaidi.

Niliporudi dukani nikiwa na pampu mbovu mkononi, muuzaji aliitazama kwa makini, akaangalia risiti yangu, kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo sijapata jibu lake: "Sasa mzee, nitajuaje kuwa hii ndiyo niliyokuuzia?" Risiti ilikuwa halali, imetoka kwenye mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutoa risiti za kodi, ambayo Serikali ilianza kuwataka wafanyabiashara waitumie tangu mwaka 2010, ina tarehe, ina saa, ina namba ya mlipakodi. Kuhusu bidhaa iliandikwa neno moja: vipuri. Kwa risiti ile ningeweza kudai nimenunua plagi, au mlango wa Fuso. Muuzaji hakunitukana wala hakunifukuza. Alikuwa na haki ya kuuliza, na hapo ndipo shida ilipo, kwani risiti inayotosha kumridhisha mtoza kodi haitoshi kumlinda mnunuzi, wala haimlindi muuzaji mwaminifu dhidi ya mnunuzi atakayemletea kifaa alichokipata kwingine.

Namba ninayoiomba ipo tayari. Toyota huvipa vipuri vyake namba za tarakimu kumi, tano mbele na tano nyuma, na zile tano za mbele hutaja aina ya kifaa: kwa pampu ya maji ni 16100, na tano za nyuma ndizo zinazotenganisha pampu ya injini hii na ya ile. Watengenezaji wengine wana namba zao, na katalogi zao huonyesha namba ipi inashika nafasi ya ipi ya Toyota. Kampuni ya Aisin, ambayo makao yake yako Kariya katika mkoa wa Aichi na ambayo ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa vifaa kwa Toyota yenyewe, huuza pia pampu katika boksi lenye jina lake, kwa kawaida kwa bei ya chini kuliko boksi la Toyota. Huo ni uchaguzi mzuri kwa mtu wa kipato cha kawaida, mradi awe na hakika kwamba kilichomo ndani ni kile kilichoandikwa nje. Hata anayeamua kununua pampu ya bei ya chini kabisa ya kiwanda asichokijua, labda kwa sababu anataka kuliuza gari mwezi ujao, ana haki ya kufanya hivyo akijua anachokinunua. Kinachonikera ni neno "orijino", ambalo Kariakoo limekuwa na maana nne: kipuri kilichotoka kwa mtengenezaji wa gari, kilichotoka kwa kiwanda kinachomuuzia mtengenezaji huyo, kilichofunguliwa kwenye gari lililokuja kukatwakatwa, na kilicho na boksi zuri.

Kuhusu maana hiyo ya tatu niseme moja tu. Mimi si adui wa mtumba. Gia boksi ya gari langu ni ya mtumba na sijaijutia. Lakini pampu ya maji ya mtumba siipendekezi kwa mtu yeyote. Sili yake hukaa salama ikiwa imelowana, na pampu iliyokaa kavu kwenye kontena na baadaye kwenye rafu kwa miezi huanza kuvuja mara inapofungwa, na gharama ya kazi ni ile ile ya kufunga mpya. Kwa injini kama 3S-FE iliyomo kwenye RAV4 za toleo la kwanza hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa pampu yake huzungushwa na mkanda wa taiming, na fundi hulazimika kufungua upande mzima. Ndiyo maana mafundi wazuri huibadilisha pamoja na mkanda huo kila kilomita 100,000 bila kusubiri ivuje.

Haki inanitaka niseme pia kwamba si kila pampu inayokufa mapema imeuliwa na kiwanda. Wengi wetu tunajaza maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu wa Pwani vina chumvi inayokula chuma na alumini. Mafundi wengine hukaza mkanda kupita kiasi hadi beringi inalemewa. Wengine hutoa themostati, kifaa kinachofungua njia ya maji injini ikipata joto, na kuitupa wakisema nchi yetu ni ya joto, ilhali vitabu vya ufundi vya Toyota vinaeleza wazi kwamba kuiondoa hupunguza uwezo wa mfumo kupoza injini. Kwenye injini yangu hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 na wakati huo huo huziba njia ya mkato ya maji, kwa hiyo usipokuwa nayo sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Katika mabishano ya namna hiyo, muuzaji aliyeandika namba ya kipuri ana msimamo bora kuliko asiyeandika, maana mzozo utahusu ufungaji na matumizi, si utambulisho wa kifaa.

Tunayo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na inayosimamia pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia. Lakini mlalamikaji anayefika pale akiwa na risiti yenye neno "vipuri" anaipa Tume kazi ya kuanzia gizani. Ninaomba Tume, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Mapato, iwaelekeze wenye maduka ya vipuri kujaza sehemu ya maelezo ya bidhaa kikamilifu. Mafundi nao, ambao wengi hupewa chochote na duka wanalolipelekea mteja, wasione aibu kudai risiti ya namna hiyo kwa niaba ya mwenye gari.

Pampu ya tatu niliinunua katika duka jingine. Nilikwenda na nakala ya kadi ya gari, nikazungusha puli kwa mkono mbele ya muuzaji kuhakikisha inazunguka kwa uzito ulio sawa bila kukwaruza wala kucheza, nikamwomba aandike namba, jina la kiwanda na muda wa dhamana. Mashine yake, alisema, haina nafasi ya maneno mengi. Akageuza risiti, akachukua kalamu, akaandika yote nyuma na kugonga mhuri, huku akiendelea kumhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam