Galaxy A16: Ahadi ndefu kuliko uwezo wa simu yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja kuhusu makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyoisifu Samsung Galaxy A16 kuwa ni hatua kubwa kutoka A15. Nyumbani kwetu zipo zote mbili, mke wangu akitumia A15 na mimi A16 ya 4G, na kwa maoni yangu sifa hizo zimeelekezwa pasipostahili: kilichobadilika kwa kweli hakionekani dukani, na kinachoonekana dukani hakikubadilika sana.

A15, iliyotangazwa Desemba 2023, iliahidiwa matoleo manne mapya ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya wadukuzi. A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024, imeahidiwa matoleo sita na miaka sita. Kwa simu ya bei ya kawaida hilo si jambo dogo, hasa kwetu sisi ambao fedha zetu, kuanzia mishahara hadi michango ya harusi, hupita kwenye simu. Simu isiyosasishwa haifi kwa siku moja. Huanza programu moja kugoma kufunguka, nyingine ikafuata, hadi mwenye simu akabaki na kupiga na kupokea tu. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android 4.4, hata zile ambazo kioo na betri vilikuwa bado vizima. Tena kwa desturi yetu simu haiishii kwa mnunuzi wa kwanza: baba akinunua mpya, ya zamani huenda kwa kijana aliye chuoni, kisha kwa bibi kijijini. Miaka sita ina maana kwamba hata huyo wa tatu huenda akaipokea ikiwa bado inalindwa.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Prosesa ya A16 ya 4G, yaani chipu inayoiendesha simu, ni Helio G99, ileile iliyomo kwenye A15 ya 4G; chipu hiyo kampuni ya MediaTek iliitangaza mwaka 2022. Tukiziweka simu zetu mezani na kufungua programu ileile ya benki kwa wakati mmoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Kamera kuu imebaki ya megapikseli 50 na ya mbele 13. Betri ni ileile ya mAh 5,000. Anayenunua A16 yenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 4 kwa kuvutiwa na unafuu wa bei atapokea toleo baada ya toleo la Android, kila moja likiwa na mzigo wake, juu ya kumbukumbu isiyoongezeka. Masasisho ya usalama atayapata, lakini naona ugumu kuamini kwamba ifikapo 2030 simu hiyo itafungua kamera na ramani bila kuganda. Aliye na uwezo wa kuongeza fedha kidogo achukue ya GB 6 au GB 8; hilo ndilo makala yenu ingelisema mapema kabisa, kabla ya kugusia rangi.

Kioo kimepanuka kutoka inchi 6.5 hadi 6.7, simu imekuwa nyembamba kidogo, na sasa ina kinga ya IP54, yaani inastahimili vumbi na maji ya kurushiwa, si ya kudumbukizwa. Kwa dereva wa bodaboda anayeifunga simu kwenye usukani msimu wa masika, kinga hiyo ina thamani kuliko inchi zote.

Lakini tundu la spika za masikioni limeondolewa. Mwenye spika za waya alizonunua kwa bei ya chakula cha mchana sasa hana budi kutafuta za Type-C, zinazochomekwa kwenye tundu la chaja, au za Bluetooth, na akichagua za Type-C hawezi kusikiliza huku akichaji. Sehemu ya laini nayo imebaki ileile, kwamba ukitaka kuweka memori kadi, unaiacha laini ya pili nje, jambo gumu kwa mtu mwenye mtandao mmoja wa vifurushi na mwingine wa kupokelea fedha. Isitoshe, katika masoko mengi boksi lina waya bila kichwa cha chaja, na simu hii huchaji kwa wati 25, kwa hiyo kichwa cha zamani cha wati tano au kumi kitafanya kazi polepole mno.

Mke wangu ameamua kubaki na A15 yake, nami namuunga mkono. Anayetoka kwenye simu iliyokwisha kuacha kupokea masasisho ndiye mwenye sababu ya kuinunua A16. Ombi langu kwenu ni kwamba kila mnapochapisha bei ya simu mpya, muandike kando yake kiasi cha RAM na mwaka ambao masasisho yake yatakoma.

Msomaji wenu,
Morogoro