Kuhusu Kigame na zile saini

Chavakali, Vihiga

Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi tu wazima, mvua imekuja kwa wakati na mahindi yanatia moyo. Poleni na joto la Kisumu.

Nimeusoma tena ujumbe wako juu ya Reuben Kigame. Unasema mwimbaji wa Injili abaki na Injili, siasa awaachie wanasiasa. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Huyu ni mtoto wa hapa hapa Chavakali. Alipofuka akiwa bado mdogo sana, akasoma shule ya wasioona ya Kibos, huko huko kwenu, na leo sijui kwaya ya huku kwetu isiyoimba nyimbo zake na kundi lake la Sifa Voices. Mtu aliyepita njia hiyo ana neno la kuiambia nchi kuhusu shule, hospitali na jinsi serikali inavyomhudumia mlemavu. Aachwe aliseme jukwaani, nasi tumpime kwa hilo.

Kinachoniuma mimi ni yaliyotokea 2022, alipotaka urais. Kifungu cha 137 cha Katiba kinamtaka mgombea urais apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, na kaunti hizo ziwe zaidi ya nusu ya zote 47. Hesabu yake ni kaunti 24, watu 48,000. Juu ya saini, tume ya uchaguzi ilidai pia nakala za vitambulisho. Fikiria gharama ya kutoa fotokopi tu, kabla hujalipa nauli ya wanaozunguka! Kigame hakuidhinishwa. Alikwenda mahakamani, lakini Agosti 9 tulikuta majina manne tu kwenye karatasi ya kura: Ruto, Raila, Wajackoyah na Waihiga Mwaure.

Mwaka huo nilimsaidia kijana mmoja kuzungusha fomu za kumpendekeza Kigame hapa sokoni. Kuna mama muuza mboga, jirani yangu wa meza, ambaye akifunga mafungu ya sukuma huwa anaimba nyimbo za Kigame kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikajua huyu atakuwa wa kwanza. Kusikia neno kitambulisho tu, akakaza kitambaa alichofungia pesa na kusema, "Namba yangu sitoi, mama. Mwisho nitaambiwa nina mkopo." Wala hakuwa na ubaya. Unakumbuka 2021, watu walipoangalia kwenye simu wakajikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua? Hofu hiyo ilikuwa bado mbichi. Wengi walituitikia vizuri, wakamsifu Kigame, wakaenda zao bila kuandika jina.

Ndiyo maana nasema kupendwa kwa nyimbo na kuungwa mkono ni mambo mawili. Mwanamuziki Youssou N'Dour, pamoja na jina lake lote, alizuiwa Senegal mwaka 2012 kwa sababu hiyo hiyo: baraza la katiba lilisema hakufikisha saini halali 10,000. Hapo ng'ambo ya Busia, Uganda, mwimbaji Bobi Wine aliingia bungeni 2017 kama mgombea huru, lakini alipotaka urais alijipatia chama kwanza. Januari 2021, baada ya kampeni za kukamatwa na mabomu ya machozi, hata kwa hesabu ya tume ya huko yenyewe alipata takriban asilimia 35. Nyimbo zilimpa wasikilizaji. Chama kikampa watu wa kuzunguka vijijini na kusimama vituoni.

Kigame amekwisha kusema anautaka tena urais 2027. Kura yangu sijamwahidi. Nataka kwanza nijue mpango wake wa ushuru, na deni la taifa atalilipaje. Lakini nataka jina lake nilikute kwenye karatasi, nimchague au nimwache mwenyewe.

Sasa nikuombe jambo, Mwalimu. Wewe unaheshimika huko, na wazazi wanakusikiliza. Waeleze mapema kwamba kumpendekeza mtu si kumpigia kura, wala si mkopo, na kwamba namba ya kitambulisho wampe tu mtu wanayemfahamu. Mimi nitaanza na akina mama wa kikundi chetu hapa sokoni. Na kama bado unaona nimepotea, nijibu kwa kirefu, usinitumie mistari miwili ya simu.

Msalimie mama watoto. Mwambie ndizi zake zinaiva, nitazileta mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
wa meza ya viatu, Chavakali