Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Assalamu alaykum ndugu wanachama,

Mwaka huu uwanja wetu hapa Lamu umetoa mashua mbili za futi 14, na ya tatu bado iko juu ya magogo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema ya mbao na misumari, maana ndiko tulikovuja.

Mashua ya kwanza iliingiza maji siku ile ile iliyoshushwa. Hilo peke yake si ajabu: chombo kipya hunywa maji, mbao zikavimba, na mianya ikajifunga baada ya siku mbili tatu. Hii haikujifunga. Ilipopandishwa, sababu zikaonekana. Mbao za ubavuni, za mwembe, zilipigiliwa zikiwa bichi, jua likazisinyaza. Halafu matundu yalitobolewa kwa upana wa msumari wenyewe. Keekee, yaani kifaa cha kutobolea mbao, itoboe tundu jembamba kidogo kuliko msumari, ili ubane. Likiwa jembamba mno, ubao hupasuka, hasa karibu na mwisho wake. Chini ya kichwa cha msumari zungusheni nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, kisha ncha ikunjwe kwa ndani juu ya taruma, yaani ubavu wa chombo. Pamba hiyo wengi huiruka kwa haraka, na ndiyo inayozuia maji kuufuata msumari.

Mashua ya tatu ina mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, wa mbambakofi na mataruma ya mkomafi, kila moja kama futi moja kutoka kwa jirani yake. Tafuteni tawi lililojipinda lenyewe. Taruma la kuchonga kwenye ubao ulionyooka hukatwa nyuzi pale penye pindo, na huvunjika pale pale penye pindo. Kazi ngumu ni mbao mbili za kwanza, zile zinazokaa juu ya mkuku, kwa sababu hupinda na kujisokota kwa wakati mmoja zikielekea gubeti, yaani mbele ya chombo. Zilowekwe, zipashwe moto polepole, zibanwe kwa kamba na kabari, ziachwe zipoe hapo hapo. Ukizilazimisha kavu, zitapasuka umeshapiga nusu ya misumari.

Kalafati ni pamba iliyosokotwa kwa kadiri ya mwanya, ikachovywa mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, ikasukumwa mwanyani kwa patasi butu. Ukishindilia kupita kiasi, unausukuma ubao wa pili na kufungua mwanya mwingine. Lami ya dukani siipendi: chombo kikicheza kwenye mawimbi, hubanduka vipande vipande.

Deheni, yaani chokaa na shahamu, ipakwe sehemu yote inayokaa majini, la sivyo wadudu wa baharini watatoboa mbao kabla hujawaona. Tutaipika bamvua ijayo, yaani wakati wa maji makuu, maji yakitoka. Kila mwenye chombo aje na kopo lake na kuni.

Keekee mbili na tezo moja ya kuchongea mbao hazijarudi ghalani. Aliyenazo azirudishe kabla ya siku hiyo.

Mwenyekiti