Risala ya kikundi cha familia cha vidau vya tanga Mikindani kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, wazazi, na nyie watoto ambao najua macho yote yako kwenye maji hamnisikilizi, asalaam aleykum, Bwana asifiwe, na shikamooni wote mnaostahili.

Kwanza asante kwa kuja, tuliambiwa ratiba yako imebana. Na tunaomba radhi viti vimepungua, vingine vimeenda msibani mtaa wa pili na huko ndo vinahitajika zaidi.

Mheshimiwa, sisi ni familia za hapahapa tunaoendesha vidau vya tanga ndani ya ghuba. Sio timu, sio mradi wa mfadhili, na wala sio klabu ya wazungu, maana wengi wakiona matanga yanazunguka Jumamosi asubuhi wanajua kuna watalii. Wageni wakija Mikindani wanaulizia Boma la Mjerumani na habari za Livingstone aliyepitia hapa 1866 kuanza safari yake ya mwisho, wanapiga picha bahari wanaondoka. Hao tunawaelewa, sasa sisi tuliozaliwa hapa je? Kuna mama mtu mzima kabisa, baba yake mvuvi, mume wake mvuvi, ila yeye maji yakimfika kiunoni anapiga kelele. Bahari ilikuwa ya wanaume, na hao wanaume wenyewe wanaenda kazini, hawaendi kufurahi. Sisi tulitaka mtu akae chombo kimoja na mwanae, mtoto ashike usukani, baba avute kamba, na baba akikosea ndo azomewe yeye.

Wazo lililetwa na mwenzetu aliyewahi kusoma Uingereza. Kule vilabu vya namna hii viko kwenye maziwa na mabwawa, mbali kabisa na bahari, wikiendi familia inafika na bibi na wajukuu na chakula chao, aliye zamu ya chai anachemsha chai, aliye zamu ya boti la uokoaji anakaa kwenye boti, wengine wanaingia majini. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa hiyo wao wanaanza saa yoyote. Sisi ghuba yetu imejifunga kama ziwa, mdomo mwembamba, mawimbi ya nje hayaingii, ila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likipwa tope linafika magotini na kidau unakibeba mwenyewe. Ndo maana ratiba yetu inabadilika kila wiki, tusionekane hatuna mpangilio.

Niseme kidogo kuhusu hivi vyombo. Vile vidogo vyenye pua butu ni Optimist, vilibuniwa na Mmarekani Clark Mills huko Florida mwaka 1947 kwa ajili ya watoto, urefu mita 2.3 na mwili wake kilo 35 tu, vyetu vimezidi kidogo kwa sababu ya rangi, kila mtoto alitaka yake. Vya dukani vina mifuko ya hewa visizame, vyetu vina madumu ya mafuta ya kula yamefungwa kwa mipira chini ya benchi, na yanafanya kazi.

Kile chenye tanga jekundu kimeundwa kwa ramani ya Mirror, ilitoka Uingereza 1962, gazeti la Daily Mirror ndo lilikuwa nyuma yake, na nia ilikuwa mtu wa kawaida ajijengee nyumbani. Unakata plaiwudi, unatoboa matundu pembezoni, unashona vipande kwa waya wa shaba halafu maungio unayaziba kwa gundi na utepe wa faiba. Fundi wetu, mzee anayeunda mashua tangu sisi tunatambaa, alivyoona ule waya alicheka mpaka akakaa chini, akasema wazee wetu wameshona mitepe, vile vyombo vya kale vya pwani, kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, leo mnaniletea kushona kutoka Ulaya! Ila plaizi hakumwachia mtu mpaka kazi inaisha.

Kujiunga ni rahisi, unakuja unapakiwa na mzoefu, hulipi kitu, na siku hiyo unafundishwa neno moja tu, kichwa chini. Kwenye ngalawa ukigeuza unahamisha foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga, kuzunguka mlingoti, una muda wa kujiandaa, huku kuna mti chini ya tanga na upepo ukishika upande wa pili ule mti unapita ulipo utosi wako. Ukinogewa tunakufundisha kupinduka, makusudi kabisa. Huachi chombo hata iweje, mmoja anapanda kwenye ule ubao uliotokeza chini anavuta ukingo, kidau kinainuka taratibu, mnaingia mnafua maji na kopo. Yule mama niliyemtaja alikataa kata kata, baadae akaja na suruali ya mumewe na kanga kiunoni, alivyokiinua pwani nzima vigelegele. Sasa ndo mwalimu wa zoezi hilo na kiukweli hana huruma.

Laifujaketi anavaa kila mtu, hata nahodha mwenye mvi, wazee waliguna wakazoea. Upepo wa kusi ukikaza katikati ya mwaka watoto wanatoka asubuhi tu. Ada ni ya familia sio ya kichwa, wengi wanalipa mnada wa korosho ukishapita, na asiye na hela anaongeza zamu, kupaka rangi, chai, au kushika daftari la waliotoka na waliorudi. Daftari hilo limechakaa mheshimiwa usilicheke, jina lisipopigwa tiki ya kurudi hakuna anayeondoka pwani.

Sasa maombi. Boti la uokoaji tunaazima kwa mvuvi, akienda kuvua, na ana haki ya kwenda, sisi tunakaa tunaangalia upepo mzuri unapita. Tunaomba utushike mkono tupate boti moja la faiba na mashine hata ya hospawa 15. Pili laifujaketi za watoto, maana mtoto ukimvalisha ya mtu mzima akiingia majini inapanda inamtoka kichwani, hapo umemvalisha pambo. Tatu utuombee kwa walimu wanafunzi waje kujifunza kuogelea, hata wasiotaka mambo ya tanga. Jengo hatuombi, kivuli cha mkungu kinatutosha.

Mwisho mheshimiwa, maji yanaanza kupwa saa nane, kwa hiyo hotuba ikiwa fupi utawahi kupanda. Jaketi la saizi yako tumelitafuta tukalipata, na nahodha wako ni yule mama.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi