Diski ya ndani au ya nje? Barua kwa sahibu wa Malindi

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu Abuu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila joto limetuandama na stima inakuja na kuondoka itakavyo. Mama anakusalimu sana na anauliza harusi ya nduguyo imefikia wapi.

Haya, tuje kwenye hizo laptopu mbili ulizoniuliza ipi uichukue kwa kazi yako ya muziki. Chukua ile MacBook Air na GB 256 zake hivyo hivyo, kisha pesa itakayobaki utie kwenye SSD ya nje ya TB 2, yaani diski ya umeme mtupu isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Najua ulitaka nikwambie ile nyingine yenye nafasi ya diski ya pili ndani. Ningekuwa namshauri mtu anayeshinda studio moja mwaka mzima, hiyo ndiyo ningemwambia aichukue bila kufikiri mara mbili: diski iliyo ndani haichomoki, haina waya wa kukusumbua, ukiwasha mashine unaikuta. Lakini wewe Ijumaa uko ukumbini unapiga kinanda, katikati ya wiki uko kwangu tunamiksi, na ile kompyuta ya mezani ya Windows bado hujaiachia. Maktaba zako za sampuli, zile sauti za ala zilizorekodiwa unazozipiga kwa kinanda, zikifungiwa ndani ya mashine moja, hizo nyingine utazilisha nini? Na usijipe moyo kuwa mwakani utaifungua hiyo MacBook uongeze nafasi. Hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao, ulichonunua siku ya kwanza ndicho hicho hicho.

Kuhusu kasi, wauzaji watakuhesabia MB kwa sekunde mpaka kichwa kikuume. Fanya hesabu mwenyewe. Sauti ya stirio ya biti 24 kwa 44.1 kHz, kipimo cha kawaida cha kurekodia, inakula kama KB 265 kwa sekunde. Hata sauti 200 zikilia kwa pamoja, hiyo ni MB 53 tu. Diski ya kuzunguka, hizi za kawaida za mfukoni, ikisoma mfululizo inapita MB 100 kwa sekunde. Kwa karatasi inatosha na chenji inabaki. Mbona basi ile yako ya zamani inakwama ukipandisha fidla na akodioni pamoja?

Inakwama kwa sababu sauti hizo 200 ni vipande vilivyotawanyika, na kile kichwa cha kusomea lazima kiruke kutoka kipande hadi kipande. Kila mruko unakula milisekunde kumi au zaidi, kwa hivyo kwa sekunde moja hakifikishi hata miruko mia. SSD haina cha kuruka. Inachota hapa na pale kwa muda ambao sikio halina habari nao.

Kontakt nayo, ile programu inayopiga hizo sampuli, ina ujanja wake. Haipakii sampuli nzima kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inapakia mwanzo wake tu, kwa kawaida KB 60, sawa na robo sekunde hivi ya sauti. Iliyobaki inavutwa kutoka kwenye diski wakati kidole chako bado kiko kwenye kinanda. Diski ikichelewa, ndipo unapopata ule udhia unaoujua: upinde wa fidla unagusa uzi vizuri kabisa, unausikia ule mkwaruzo wa mwanzo, halafu sauti inakatika. Ngoma inaendelea kama hakuna lililotokea, maana pigo lake ni fupi na karibu lote limeshakaa kwenye RAM. Watu wanailaumu laptopu, wanakimbilia kununua RAM, kumbe ni diski.

Kwa hivyo usilipie SSD ya kasi kuliko zote. Ya kawaida ya USB inayosoma MB 500 kwa sekunde inakutosha. Zile za NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, zinapita MB 3,000 zikiwa ndani ya mashine, lakini faida yake utaiona wakati wa kufungua wimbo wenye ala nyingi, ukiwa unapiga hutasikia tofauti. Tena zile SSD ndogo za nje za chuma zikifanya kazi ya kunakili kwa muda mrefu kwenye joto letu hili, zinawaka moto na zenyewe zinapunguza mwendo zisiungue.

Lakini waya, Abuu, waya! Watu wengi hapa mjini wana SSD nzuri wameiunga na waya wa kuchajia simu. Nyingi ya nyaya hizo za USB-C ndani ni USB 2.0 tu, ile ya zamani ya mwendo wa polepole, na kwa USB 2.0 ukipata MB 40 kwa sekunde shukuru. Tumia waya uliokuja na diski yenyewe, uufunge utepe mwekundu, na mtu asikuazime achajie simu. Na ukipita Moi Avenue ukaonyeshwa kidude cha TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana, kipite. Vile ni vya GB chache tu, vimechezewa vidanganye kompyuta. Unanakili maktaba nzima, majina ya faili yote unayaona, ukifungua hakuna kitu ndani. Hata ile utakayonunua duka la maana, ijaribu kwanza kwa programu ya kupima ukubwa wa kweli, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac, kabla ya kuijaza.

Sasa mpangilio. Hapa ndipo tunapogombana na mafundi wengine wanaosema tia kila kitu nje ulegeze mashine. Mimi nasema unachopiga mbele ya watu kikae ndani. Hebu ufikirie ule ukumbi wa harusi: kina mama wamesimama kutunza, bwana harusi anaingia, watoto wanapita chini ya meza ya kinanda. Mguu mmoja ukinasa kwenye ule waya, umekwisha. Chagua akodioni yako moja, fidla, ganuni, besi na seti ya ngoma, uzinakili kwenye diski ya ndani. Zote pamoja zikizidi GB 20 nitashangaa. SSD ya nje iache ndani ya begi siku hiyo.

Zile maktaba za kutafutia mawazo nyumbani ndizo ziende nje. Keyscape, ile maktaba ya piano na vinanda, peke yake ni GB 77, mashine ya GB 256 itaipata wapi nafasi? Kama utatumia Logic, ile programu ya Mac ya kurekodia, mkusanyiko wake wote wa sauti unataka kama GB 72, lakini programu yenyewe inakuruhusu kuuhamishia kwenye diski ya nje. Programu na plagini, zile programu ndogo za kuongezea, ndizo zibaki ndani. Na hiyo maktaba ya BBC Symphony Orchestra unayoitamani, ile kubwa inapita GB 500. Wewe unataka nyuzi za kujaza nyuma ya muziki wa bango, anza na Discover, toleo lake dogo, ambayo haizidi sana MB 200. Nakujua, utaridhika nayo.

Kwa kuwa una Mac na Windows, SSD iumbizwe kwa mfumo wa faili wa exFAT ili zote ziisome na kuiandikia. Ubaya wa exFAT ni kwamba haina kumbukumbu ya kujiponya, kwa hivyo stima ikikatika katikati ya kunakili, au ukichomoa bila kuitoa kwa utaratibu, inaweza kuharibika. Ukinakili vitu vizito fanya kwenye laptopu yenye chaji, usifanye kwenye ile ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya kuishikilia stima ikikatika. Huko kwenye Windows ipe diski herufi ya kudumu, tuseme S, ndani ya Disk Management. Usipofanya hivyo, siku ukichomeka flashi kwanza herufi inahama, na Kontakt itaanza kukuuliza sampuli ziko wapi. Kwenye Mac usibadilishe jina la diski, basi.

Bado zile sampuli ulizorekodi mwenyewe, za zumari na taishokoto, ile ala ya nyuzi yenye vitufe. Keyscape ikipotea utalia na bando lakini utaipakua tena. Hizo hakuna mahali pa kuzipakua. Ile diski ya kuzunguka usiiuze, ndiyo ya akiba: nakala moja ikae humo, nyingine kwenye SSD, na ya tatu niletee mimi ikae hapa. Usiifanye SSD ya pili kuwa ya kufungia kabatini. SSD ikikaa miaka bila umeme, hasa kwenye joto, inaweza kupoteza ilichobeba. Hiyo ya akiba itie kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana unyevu na chumvi ya pwani vinakula hata vichwa vya USB.

Ukishanunua, usiijaze kwanza. Njoo nayo tuipange pamoja, nikunakilie maktaba zangu za bure na ngoma za chakacha nilizorekodi. Zile za kulipia leseni utazifungua kwa akaunti yako mwenyewe, diski haikubebei hiyo. Na kuhusu bei ya MacBook, mwambie huyo jamaa anayeiuza kuwa betri ya mashine imeshachoka, umwonyeshe idadi ya mizunguko ya chaji pale kwenye taarifa za mfumo. Hapo atashuka.

Salamu kwa watoto na wazee wote.

Wako,
Sahibu wa Kibokoni